Ripoti imeshaandikwa, mbona daktari bado anafungua picha?

"Kuna uvimbe wa milimita 23 upande wa kulia wa ini, kingo zake zinaonekana vizuri." Sentensi ya namna hii ni ya kawaida katika ripoti ya radiolojia, na haina kosa lolote. Anayeisoma anajua kiungo, anajua upande, anajua ukubwa. Lakini daktari wa upasuaji anayetakiwa kuutoa uvimbe huo hawezi kushika kisu kwa maneno hayo peke yake. Uvimbe uko umbali gani na mishipa mikubwa inayotoa damu kwenye ini? Umeigusa au umeisogelea tu? Na ateri inayolisha upande huo inatokea wapi, maana kwa baadhi ya watu haitokei pale vitabu vinapoichora, bali hutoka kwenye ateri ya utumbo na kupita nyuma ya kongosho? Majibu yote hayo yamo kwenye picha. Mengine hayamo kwenye ripoti, wala si kwa uzembe wa aliyeiandika. Hakuna aliyemuuliza.

Mgonjwa huliona jambo hili kwa jicho lake. Amekuja na bahasha, ndani mna karatasi na CD. Daktari anapitisha macho kwenye karatasi, kisha anageukia kompyuta na kuanza kupandisha na kushusha picha kimya kimya. Wapo wanaodhani hapo kwamba hamwamini mwenzake. Tafsiri hiyo si sahihi. Kipimo kimoja cha CT ya kifua na tumbo hutoa picha mia kadhaa, wakati mwingine zaidi ya elfu moja; ripoti yake ni ukurasa mmoja au miwili. Kufika kwenye ukurasa huo kulihitaji kuchagua: kipi kitajwe, kipi kiachwe, kipi kipimwe kwa milimita na kipi kiitwe tu "kidogo". Aliyechagua alifanya hivyo kwa kufuata alichojua kuhusu mgonjwa, na mara nyingi alichojua ni mstari mmoja.

Swali lililoandikwa kwenye fomu

Ripoti nyingi hufuata mpangilio uleule: sababu ya kipimo, namna kilivyofanyika, picha za zamani zilizolinganishwa, yaliyoonekana, kisha hitimisho. Mwenye haraka huruka moja kwa moja hadi hitimisho. Kwa maoni yetu, sehemu inayostahili kuanziwa ni ile ya juu ambayo wengi hawaijali. Sababu ya kipimo ndiyo inayoonyesha daktari wa radiolojia alikuwa anajibu swali gani. Fomu ikiandikwa "maumivu ya tumbo" na basi, naye atajibu kwa upana huohuo.

Chukua mtu aliyeanguka akajizuia kwa kiganja. Fomu inasema kifundo cha mkono kinauma, ripoti inarudi na maneno "hakuna mvunjiko ulioonekana". Neno la kuangaliwa hapo ni "ulioonekana". Daktari aliyebonyeza kile kibonde kilicho chini ya kidole gumba, mgonjwa akavuta mkono kwa uchungu, anajua kitu ambacho hakikuandikwa popote. Anafungua picha na kuangalia mahali hapohapo, kwenye mfupa mdogo uitwao skafoidi. Anaangalia pia picha ngapi zilipigwa. Mfupa huu umekaa kimshazari, na katika picha mbili za kawaida, ya mbele na ya ubavuni, ufa wake huweza kufunikwa na mifupa jirani. Ndiyo maana hupigwa picha za ziada kiganja kikiwa kimeinamishwa upande wa kidole cha mwisho. Kama picha hizo hazipo, ripoti haikukosea. Kipimo ndicho kilichopungua. Na hata zikiwapo, ufa mwembamba unaweza usionekane siku za mwanzo, kwa hiyo mkono hufungwa na eksirei kurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, au MRI ikafanywa mapema. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani kwa nguvu ya neno "hakuna" anaweza kuja kugundua miezi baadaye kwamba mfupa haukuunga.

Kile ambacho maneno hayawezi kubeba

Mashine ya CT haifanyi kazi kama kamera. Inapima jinsi kila nukta ya mwili inavyozuia mionzi, kisha inaipa namba. Maji ni 0, hewa ni −1000, mafuta yako karibu na −100, damu iliyoganda karibuni ni kama 60 hadi 80, na mfupa mgumu hupita 1000. Vipimo hivi vinaitwa kwa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilimpima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, na ambaye mwaka 1979 aligawana Tuzo ya Nobel na Allan Cormack.

Tatizo linaanzia kwenye skrini. Namba hizo zina ngazi zaidi ya 4,000, lakini skrini ya kawaida huonyesha rangi za kijivu 256, na jicho la mtu hutofautisha chache zaidi. Kwa hiyo msomaji huchagua sehemu ndogo ya namba na kuinyoosha ienee kutoka weusi hadi weupe. Sehemu hiyo huitwa dirisha. Dirisha la ubongo kwa kawaida lina upana wa 80 na kitovu cha 40: kila kilicho chini ya 0 ni cheusi, kila kilichopita 80 ni cheupe. Linaonyesha ubongo vizuri, ila damu nyembamba iliyolala kando ya fuvu hupotea ndani yake, weupe juu ya weupe. Ukipanua dirisha hadi 200 hivi, fuvu linabaki jeupe na damu inajitenga kama utepe wa kijivu. Mapafu yanahitaji dirisha lingine kabisa, upana 1500 na kitovu −600, kwani katika dirisha la tumbo pafu zima ni giza tupu.

Hii ndiyo sababu picha chache zilizochapwa kwenye filamu, au zilizopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini, hazimtoshi daktari. Dirisha lilishachaguliwa na mtu mwingine na haliwezi kubadilishwa tena. Anachohitaji ni faili halisi za DICOM, yaani muundo wa kidijitali wa picha za hospitali, zenye namba zake zote.

Unene wa vipande nao una mambo yake. Kitu cha milimita 3 kikiangukia ndani ya kipande cha milimita 5, namba yake huchanganywa na za tishu zilizokizunguka, kikaonekana hafifu au kisionekane kabisa. CD nyingi hubeba vipande vinene tu ili zisijae, wakati daktari wa radiolojia alisoma vile vya milimita 1. Daktari asiyeona kilichotajwa kwenye ripoti aulize kwanza kama ana picha zilezile, kabla hajatilia shaka macho ya mwenzake.

Kuna mahali ambapo kipande kimoja au viwili vinageuza uamuzi mzima. Donge la damu lililo kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo likizidi sentimita za ujazo 30, mwongozo unaotumika katika upasuaji wa majeraha ya kichwa unasema litolewe, hata kama mgonjwa bado anaongea vizuri. Ripoti yaweza kutaja unene pekee, tuseme sentimita 3. Daktari wa upasuaji wa ubongo hupata ujazo kwa kuzidisha urefu, unene na kimo, kisha kugawanya kwa 2. Urefu ni sentimita 6. Kimo hukipata kwa kuhesabu vipande vyenye damu. Vipande 8 vya milimita 5 ni sentimita 4, na ujazo unakuwa 36. Vipande vikiwa 6, ujazo ni 27. Hesabu hii huchukua dakika moja, na inahitaji picha.

Pingili ya ngapi?

Madaktari wa uti wa mgongo wana sababu yao ya pekee ya kutoridhika na karatasi. Watu wengi wana pingili 5 za kiuno, lakini si wote. Kwa wengine ya mwisho imeungana na mfupa wa nyonga kwa nyuma, zikaonekana 4. Kwa wengine ya kwanza ya mfupa huo imejitenga, zikaonekana 6. MRI ya kiuno haionyeshi shingo, na mara nyingi haionyeshi mbavu vizuri, kwa hiyo msomaji hana pa kuanzia kuhesabu kwa uhakika. Mmoja anahesabu kutoka chini kwenda juu, mwingine anakisia kutoka juu. Wote wawili wanaandika "diski ya kati ya pingili ya 4 na ya 5", na wanazungumzia diski mbili tofauti.

Sasa fikiria chumba cha upasuaji. Mgonjwa amelala kifudifudi, na mashine ya eksirei inatumika kutafuta pingili kwa kuhesabu kutoka chini. Kama aliyeandika ripoti alihesabu kwa njia nyingine, kisu kitafika kwenye diski nzima huku mbovu ikiachwa ngazi moja juu au chini. Kosa hili linafahamika sana katika fani, na kinga yake haina utaalamu mkubwa: daktari anafungua MRI pamoja na eksirei ya kawaida, anachagua alama moja inayoonekana kwenye zote mbili, anahesabu mwenyewe, na anaandika alivyohesabu. Ripoti nzuri husema pia: "kwa kuchukulia kwamba pingili za kiuno ni 5." Ukiliona neno hilo, ujue mwandishi amekuonya.

Kisha kuna kulinganisha picha na mwili. Neva ya tano ya kiuno ikibanwa, ganzi hukaa juu ya mguu hadi kwenye kidole kikubwa, na mgonjwa hupata shida kuinua kidole hicho. Ile inayofuata chini yake huleta ganzi ukingo wa nje wa mguu na nyayo, na nyundo ya daktari ikigonga kano ya kisigino, mguu haujibu. Ripoti ikisema diski imesukuma neva ya kushoto, na mgonjwa anaumwa kulia, diski hiyo haina hatia. Tahadhari hii ni muhimu kwa sababu diski zilizochakaa ziko kila mahali. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta dalili za kuchakaa kwa diski kwa 37% ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na 96% ya wale wa miaka 80. Ripoti inaweza kujaa maneno ya kutisha yote ya kweli, na hakuna hata moja linaloeleza maumivu ya leo.

"Hakuna mabadiliko makubwa"

Kwa wagonjwa wa saratani hatari huja polepole. Kila kipimo hulinganishwa na cha mwisho. Uvimbe wa milimita 10 unakuwa 11, kisha 12, kisha 13, na kwa kuwa tofauti ya milimita 1 au 2 kati ya wapimaji wawili ni ya kawaida, kila ripoti kwa zamu yake inasema hakuna mabadiliko makubwa. Kila moja ni sahihi. Lakini kutoka kipenyo cha milimita 10 hadi 13, ujazo umeongezeka zaidi ya mara mbili. Kanuni za RECIST zinazotumika katika majaribio ya dawa za saratani ziliziba mwanya huu: jumla ya vipenyo ikiongezeka kwa 20%, na kwa angalau milimita 5, ugonjwa unahesabiwa kuwa umesonga mbele, na kulinganisha hufanywa na jumla ndogo kuliko zote tangu utafiti uanze. Nje ya majaribio hakuna anayekulazimisha. Daktari hufungua picha ya kwanza kabisa na ya leo, akaziweka sambamba.

Makosa ya kibinadamu na ya mashine

Daktari wa radiolojia naye huchoka, hukatizwa na simu, na huona anachokitafuta. Mwaka 1949 Leo Henry Garland, daktari wa radiolojia Marekani, alionyesha kwamba wasomaji wenye uzoefu waliruka takribani 30% ya picha zenye tatizo. Mwaka 2013 watafiti walibandika picha ya sokwe kwenye CT za mapafu, kubwa mara 48 ya vinundu ambavyo wasomaji waliambiwa wavitafute. Kati ya madaktari 24 wa radiolojia, 20 hawakumwona. Ufuatiliaji wa macho ulionyesha kuwa wengi wao walimtazama mahali alipo. Kuna pia mtego wa kuridhika mapema: ukishapata mvunjiko mmoja, hamu ya kutafuta wa pili hupungua, hata bila kujua.

Makosa mengine hayahusu macho. Ripoti nyingi husemwa kwa sauti na programu ikaziandika, na programu ikimeza neno "hakuna", maana inageuka. Kushoto kunakuwa kulia. Maneno ya kiolezo husahauliwa bila kufutwa: ripoti inasema kibofu cha nyongo ni cha kawaida kwa mtu ambaye kibofu chake kilitolewa miaka mitano iliyopita na kovu analo tumboni. Kosa la mwisho lenyewe halina madhara, ila linakuambia aya hiyo haikuandikwa kwa kuangalia. Picha hufichua mambo haya kwa sekunde chache, ilimradi anayeifungua ameanza na jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kipimo kwenye kona ya skrini.

Upande wa pili wa shilingi

Yote haya hayampi daktari wa wodini ruhusa ya kutupa karatasi. Kila mtu huangalia kiungo anachokijua. Daktari wa figo akifungua CT ya tumbo huenda moja kwa moja kwenye figo. Kinundu kilicho chini ya pafu, kwenye vipande vya juu kabisa vya kipimo hichohicho, hakimhusu hadi ripoti imhusishe. Daktari wa radiolojia amefunzwa kupita kila kona kwa utaratibu: kwenye eksirei ya kifua huangalia ncha za mapafu juu ya mtulinga, nyuma ya moyo, chini ya kiwambo, na mifupa, sehemu ambazo jicho lenye haraka hurukia mbali. Anajua pia udanganyifu wa picha. Moyo wa mgonjwa aliyepigwa eksirei kitandani, mionzi ikitokea mbele, huonekana mkubwa kuliko ulivyo, na wengi wameandikiwa moyo uliopanuka kwa sababu hiyo tu. Skrini yake ni ya daraja la uchunguzi, angavu na yenye nukta nyingi, chumba chake kina giza. Kompyuta ya kliniki iliyo karibu na dirisha lenye jua haifanani na hiyo hata kidogo.

Je, aanze na kipi? Tunaona ni bora picha kwanza, kwa dakika mbili au tatu, kisha ripoti, kisha picha tena kuangalia yale ambayo ripoti imeyataja. Ukisoma hitimisho kabla, macho yako yatakwenda yalikoelekezwa na kutulia hapo. Asiyejiamini kusoma picha anaweza kugeuza mpangilio huo, bora asiishie kwenye karatasi. Na kuna hali ambazo ripoti haingojwi: kiharusi, ambapo dawa ya kuyeyusha mvilio, yaani damu iliyoganda ndani ya mshipa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, au bomba la kulishia lililopitishwa puani, ambalo halipaswi kumiminwa kitu kabla haijathibitishwa kuwa limeshuka katikati, limevuka kiwambo, na halikuingia pafuni.

Wakitofautiana, dawa ni simu. Daktari wa wodini anasema alichokiona kwa mgonjwa na namba ya kipande anachokitilia shaka; mwenzake anafungua picha ileile na swali ambalo mara hii limenyooka. Ikibidi kurekebisha, ripoti ya kwanza haifutwi. Huongezwa nyongeza yenye tarehe na saa, na aliyeisoma ya awali anaarifiwa. Kesi ngumu hupelekwa kwenye kikao cha pamoja, daktari wa upasuaji, wa saratani, wa patholojia na wa radiolojia wakiangalia skrini moja.

Kwa mgonjwa, la kufanya ni kudai CD au faili kila baada ya kipimo na kutotupa za zamani. Tuseme CT ya leo imeonyesha kinundu kigumu cha milimita 7 pafuni. Ripoti ya miaka 3 iliyopita, ya CT ya tumbo iliyofanywa kutafuta jiwe la figo, haikutaja kinundu chochote, na kwa karatasi hiyo kinundu ni kipya na kinahitaji kufuatiliwa kwa CT nyingine baada ya miezi 6 hadi 12. Daktari anaweka CD ya zamani, anabadilisha dirisha kuwa la mapafu, anapanda hadi vipande vya juu. Kinundu kipo palepale, milimita 7. Kinundu kigumu kisichokua kwa zaidi ya miaka 2 kwa kawaida huhesabiwa kuwa si saratani, na miadi ya CT nyingine inafutwa.